Nafasi ya Pili Kutoka Getini

Siku ile uwanjani tulikuwepo mimi, ofisa wa forodha mwenye viatu vya ncha, wakala wetu na simu zake mbili, makuli waliokodiwa kupakua, askari wa mbwa, mbwa mwenyewe, na yule dereva mzee wa Pwani, aliyeegemea bampa ya lori lake akichokonoa meno kwa kijiti, kama mtu aliyelipa kiingilio aje kututazama. Nawataja wote kwa sababu baadaye, mwenye mzigo alipotaka kujua kwa nini magunia yake yametobolewa, kila mmoja alidai hakuwepo. Mbwa tu ndiye ambaye hakukana.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kwenye mpaka ambao malori huvuka yakitoka nchi ya jirani upande wa magharibi kuja Nairobi. Nilikuwa nimebeba maharagwe ya ghala moja la Eneo la Viwanda. Maharagwe hayo yangeweza kufika Jumatatu au mwezi uliofuata, mimi yasinihusu. Mimi ndiye niliyetakiwa kufika. Kesho yake mchana, watu wa upande wa mwanamume walikuwa wanakuja kwetu, mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, kumlipia mahari mdogo wangu wa mwisho, msichana pekee kati yetu wanne.

Wazazi wetu walikwisha kufa. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akafa kwanza. Mama akamfuata kabla hatujazoea kuweka sahani pungufu mezani. Nilikuwa kidato cha pili. Nilifunga vitabu kwenye gunia, nikaenda kupanda lori kama taniboi, kumsaidia dereva kuzuia magurudumu kwa mawe na kulala juu ya mzigo. Tangu siku hiyo mpaka leo nimekuwa barabarani, na wale watatu wakala, wakavaa, wakasoma.

Baba yetu mkubwa naye hakukaa bure. Wiki ya mazishi ya mama alikuja na pikapu, akabeba mashine ya baba ya kuchomelea, akabeba na sofa. Alisema anatuwekea visiibiwe. Hakuna mwizi ambaye angevilinda vizuri hivyo. Alichoacha ni kiti kimoja cha chuma ambacho baba alikiunda mwenyewe kwa mabomba yaliyobaki kazini, kizito, miguu haikulingana. Baba mkubwa alikiinua mara moja, akakirudisha chini, akasema hicho ni chuma chakavu.

Sasa, kwetu mambo huenda hivi. Wageni wakishaketi, binti huitwa mbele ya watu, hupewa kikombe cha uji uliochachuliwa, na huulizwa kama wazee wanywe au wamwage. Hajibu kwa maneno mengi. Hukichukua kikombe akampelekea baba yake, baba akanywa, na hapo ndipo mazungumzo yanapofunguliwa. Baba akiwa hayupo, kikombe hupelekwa kwa yule aliyekaa mahali pake. Na aliyekunywa uji siku hiyo ndiye atakayesikilizwa milele: ndiye wakwe watamwita mtoto akizaliwa, ndiye binti atamrudia nyumba ikiungua. Mtu aliyechukua sofa alikuwa anautaka na uji.

Alhamisi dada yangu alinipigia simu nikiwa kwenye foleni.

"Brathe, uko wapi?"

"Kwa laini, huku mpakani."

"Laini gani tena? Usiniletee hizo. Nani atakunywa hiyo uji?"

"Nitafika."

"Ukikosa kufika nitasimama na hiyo kikombe hadi ipoe. Mimi simpelekei huyo mzee kitu. Nimesema."

Alisema hivyo, lakini nilimjua. Angesimama dakika kadhaa, mama za kanisa wangemnong'oneza, wageni wangekohoa, na mwishowe angempelekea ili watu wasiaibike. Ndivyo watu wa aina ya baba mkubwa wanavyoshinda. Hawahitaji kupendwa, wanahitaji tu wengine wachoke kusimama.

Kosa la kuchelewa lilikuwa langu, na lilikuwa la kijinga kiasi kwamba ni dereva wa masafa marefu tu anayeweza kulifanya. Jumatano, kabla ya kufika mpakani, niliosha lori.

Asiyeendesha ataona hakuna kosa hapo. Nilikuwa na mawazo yangu. Nilipanga nikishashusha mzigo nilipitishe lori Baba Dogo, nilisimamishe mbele ya hema, wakwe waone kwamba nyumba isiyo na baba si nyumba isiyo na mtu. Basi nilisimama kwenye kijito, nikanunua sabuni ya unga, nikasugua kichwa cha lori, nikasugua mabawa, nikasugua trela, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshika kazi, nikazunguka nyuma nikasugua na makomeo ya milango.

Vumbi la komeo haliguswi. Hilo nilifundishwa kabla sijajua kubadilisha gia. Milango ya nyuma hufungwa sili, ile lakiri ya chuma yenye namba, mahali unapopakia, na vumbi la barabara huanza kukaa juu ya sili na juu ya komeo tangu kilomita ya kwanza. Ukifika mpakani likiwa limelala pale bila alama ya kidole, ndilo shahidi wako kwamba hujafungua. Sili huweza kughushiwa. Karatasi hununuliwa. Lakini bado hajazaliwa fundi wa kughushi vumbi la nchi nzima. Mimi nilimwogesha shahidi wangu kwa sabuni na maji ya kijito, nikasimama nyuma nikalitazama lori, nikafurahi.

Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ile Alhamisi ni huyo mzee wa Pwani. Wakati huo nilimjua tayari kwa kumwona, kama unavyojua jiwe linalochomoza barabarani. Alikuwa na birika lake, vikombe vyake, mkeka wake, manukato yake, na imani kwamba sisi wa Nairobi tulipewa Kiswahili kwa bahati mbaya. Kila nilipofungua mdomo alinisahihisha. Nilipomwambia laini haijasonga alijibu, "Foleni haijasogea, mdogo wangu. Laini ni ya kuanikia nguo." Jina langu hakuliuliza. Aliniita Bara, kana kwamba nchi nzima kutoka Voi kupanda huku ni mtu mmoja na ndiye mimi.

Alizunguka lori langu polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Bara, gari hili unaliendesha au unalioa?"

"Nina sherehe nyumbani, mzee."

"Naona. Umelipaka na hina?" Akafika nyuma. "La haula. Hadi komeo?"

Hapo ndipo nilipojua. Nilishuka nikaenda nikatazama. Komeo lilikuwa linang'aa kama kijiko cha mgeni. Mzee aliinama, akachota vumbi la barabara, akalipuliza kwenye komeo kwa kiganja. Lilianguka lote chini. "Halishiki," alisema. "Ungelia kidogo lingeshika." Akacheka mpaka akashika ubavu. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na nilikuwa na nafasi moyoni.

Jioni ile yeye aliitwa uwanjani, lori lake likafunguliwa kukaguliwa, mimi nikabaki kwenye foleni. Zamu yangu ilifika Ijumaa asubuhi.

Ofisa wa viatu vya ncha alikuja akitembea juu ya vidole ili asiguse matope. Wakala wetu alimfuata nyuma. Wakala wa mpakani analipwa ili karatasi zitembee haraka, na wa kwetu alikuwa na sentensi moja aliyoitegemea maisha yake yote: "Usijali, dere, nimeongea na watu." Sikuwahi kuwaona watu hao. Nadhani nao walikuwa wanamtafuta.

"Dere, mbona hili gari ni safi hivi?" ofisa aliuliza.

"Nililiosha, mkubwa."

"Uliliosha." Akamgeukia wakala, kana kwamba nimekiri kuua. "Anasema aliliosha."

"Mkubwa, nimeongea na..."

"Umeongea na nani?"

Wakala alitazama simu moja, kisha ile nyingine. Hakuna iliyomsaidia.

Ofisa alikwenda nyuma, akapitisha kidole kwenye komeo, akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Nimeona madaktari wakitazama picha ya mapafu kwa uso mwepesi kuliko ule. Akaita mbwa.

Mbwa aliletwa na askari wake, akazunguka lori, akanusa kila gurudumu, akainua mguu kwenye moja, akarudi akakaa. Askari akasema hakuna kitu.

"Huyo mbwa hana mafunzo ya maharagwe," ofisa alisema. "Shusha yote."

Makuli walishusha. Kila gunia lilidungwa bambo, ule mwiba wa chuma wenye mfereji ambao ukiuchoma kwenye gunia hutoa punje za ndani. Gunia la kwanza lilitoa maharagwe. La pili, maharagwe. Ofisa alipokea kila mara kwenye kiganja, akageuzageuza punje kwa kidole, akazimwaga. Jua lilipanda. Chini palianza kuwa pekundu kama mtu ameanika.

"Haya ni maharagwe," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mkubwa."

"Yote?"

Kuli mmoja, mwanamume mpana aliyevaa gunia kichwani kama kofia, alijibu kabla yangu: "Labda yaliyo nyuma ni samaki, mkubwa. Tuendelee tu." Wenzake wakacheka. Mzee wa Pwani, kule kwenye bampa yake, naye akacheka, na cheko lake lilidumu kuliko la wengine wote. Ofisa hakucheka. Aliendelea hadi gunia la mwisho, kwa maana mtu akianza upumbavu mbele ya watu, heshima yake inategemea kuumaliza.

Wakati wanapakia upya, mdogo wangu anayenifuata, anayeishi Pipeline, alipiga simu.

"Baba mkubwa ameshafika."

"Si ni kesho?"

"Ameshafika, brathe. Amekuja na koti. Ametundika kwa mlango. Ameuliza kiti ya baba iko wapi, akaipangusa."

Kile kile alichokiita chuma chakavu.

"Mmemwambia nakuja?"

"Tumemwambia. Akasema wewe ni mtu wa barabara, na barabara haina saa. Akasema pia hujaoa, na mtu hajaoa hawezi kaa hapo."

Nilikata simu. Sijaoa, hiyo ni kweli. Miaka ambayo wenzangu walikuwa wanaoa mimi nilikuwa nanunua sare za shule, na aliyekuwa na sofa letu alijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Mzigo ulipokamilika kupandishwa ilikuwa alasiri. Nilidhani yamekwisha. Lakini lori lililofunguliwa haliruhusiwi kuingia nchini hadi lifungwe sili mpya, na siku zile sili zilifungwa na mtu mmoja, kwenye meza moja, mbele ya geti. Saa kumi na moja jioni alifunga kabati lake, akatia ufunguo mfukoni, akaenda. Ijumaa akienda alikuwa ameenda hadi Jumatatu. Malori yaliyofunguliwa wiki hiyo yalikuwa yamepanga mstari kutoka getini hadi karibu na choo, na mimi niliwekwa mwishoni, upande wa choo. Wakala alikuja dirishani akaniambia nisijali. Alikuwa karibu kusema ameongea na watu, nikamwomba ayahifadhi maneno hayo.

Mzee wa Pwani alikuwa wa pili kutoka getini. Niliona trela lake kwa mbali, na maandishi yake ya nyuma, na mgongo wake akikunja mkeka kwa utaratibu wa mtu anayekaribia kuondoka. Nilipita pale mara kadhaa nikienda kutazama kama mstari unasogea. Mara ya mwisho aliniita.

"Bara! Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Sikutaka kumwambia. Lakini nilikuwa nimechoka, na hasira ikikosa mtu wa kumpiga hutoka kama maneno. Nilimwambia habari yote pale pale, nimesimama: dada, uji, kiti, baba mkubwa na koti lake mlangoni. Nilitegemea anisahihishe ngeli.

"Huyo ami yako," aliuliza, "wakati ule alichukua nini?"

"Mashine ya baba ya kazi. Na sofa."

"Sofa pia?"

"Sofa pia."

Alicheka, kama kawaida yake. Kisha akatema kijiti. "Mtu aliyekwisha kuchukua sofa, kiti anataka cha nini? Ana makalio mangapi?" Akatazama geti, akatazama jua. "Haya. Lete gari."

Hapa lazima nieleze sheria yetu, kwa maana forodha wana zao na sisi tuna zetu, na zetu hufuatwa. Kwenye foleni ya mpaka hakuna kuchomekea. Lakini madereva wawili wanaweza kubadilishana nafasi: wa mbele anarudi nyuma, wa nyuma anakuja mbele, na walio katikati hawapotezi kitu. Wanaobadilishana hutembea pamoja, dirisha kwa dirisha, wakamwambia kila dereva aliye kati yao, asije mtu akasema hakuarifiwa. Aliyepewa nafasi anakuwa na deni la nafasi. Deni hilo halilipwi kwa pesa wala kwa chakula. Anayejaribu kutoa pesa hupachikwa jina la wakala, na jina hilo haliondoki. Hulipwa kwenye foleni, kwenye mpaka wowote, siku ambayo mwenye kudai ataomba. Hata ukiwa wewe mwenyewe una haraka. Hasa ukiwa na haraka.

Tulitembea pamoja dirisha kwa dirisha. Yeye alizungumza, mimi nikatikisa kichwa. "Huyu bwana harusi ananipisha kule msalani," aliwaambia, "mimi nampisha kule mbele. Gari lake limeoga, la kwangu halijaoga, kwa hiyo ni haki." Hakuna aliyekataa. Mmoja aliuliza, "Mzee, na nyumbani kwako?" Akajibu, "Nyumbani kwangu hakuhami."

Alilirudisha trela lake nyuma kwa ustadi ambao hata mimi niliyemchukia nilisimama kuutazama. Nilipokuwa naingia kwenye nafasi yake nilimsikia akizungumza na simu, kwa sauti yake ile ya kuhutubia: "Chinjeni, msinisubiri. Ndiyo. Nimesema chinjeni. Nami nitakuta mifupa." Nikawaza: hata simu yake lazima watu wote wajue kwamba kwake kunachinjwa. Sikumshukuru vizuri. Nilipiga honi.

Nilifungiwa sili mpya, geti likafunguliwa, na kwenye kioo nikaona yule mtu wa meza akianza kukusanya vitu vyake. Nyuma yangu aliingia mmoja tu.

Sitaeleza barabara. Niliendesha. Jumamosi mchana nililiacha lori kwenye ghala, likiwa tayari limerudia uchafu wake wote, nikachukua bodaboda kutoka Eneo la Viwanda. Ndoto yangu ya kulisimamisha mbele ya hema iliishia hapo. Wakwe walimwona mtu akishuka kwenye pikipiki, shati limejaa vumbi la magunia.

Hema lilikuwa limefunga barabara yetu yote. Wageni walikuwa wamekwisha kula, sahani zilikuwa zinakusanywa. Katikati, kwenye kiti cha mabomba, alikaa baba mkubwa katika koti lake, amenyoosha mguu mmoja ili kiti kisiyumbe. Mbele yake alisimama dada yangu na kikombe. Alikuwa amesimama, nilikuja kuambiwa, tangu waliposema sala. Mama mmoja wa kanisa alikuwa amemshika kiwiko na kumnong'oneza sikioni. Msemaji wa upande wetu alikuwa anafuta jasho.

"Binti yetu," msemaji alikuwa anasema, "wageni wanangoja. Je, tunywe au tumwage?"

Baba mkubwa alikuwa ametoa mkono. Hakuutoa kwa haraka. Aliunyoosha kama mtu anayengojea chenji yake.

Dada yangu aliniona juu ya vichwa vya watu. Alimpita baba mkubwa kama mtu anavyopita nguzo ya stima, akaja hadi mwisho wa hema nilipokuwa nimesimama kati ya sufuria, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Uji ulikuwa umepoa kabisa. Niliunywa wote nimesimama, kwa sababu aliyekuwa kwenye kiti hakuamka.

"Tumekunywa," nilisema.

Mzee mmoja wa upande wa mwanamume aliinama kwa mwenzake akauliza, bila kujali nani anasikia, "Sasa baba ni yupi? Yule wa koti ama huyu wa vumbi?"

"Aliyekunywa," mwenzake alimjibu.

Baba mkubwa alikaa pale kidogo zaidi, mkono wake ukiwa bado uko hewani, hadi alipoutumia kurekebisha kola. Kisha akasema kwa sauti kwamba anakwenda kuangalia kama nyama ya wageni imetosha. Nyama ilikuwa imeliwa. Alipoinuka kiti kiliyumba, na mdogo wangu wa Pipeline akakileta kwangu akikiburuta kwenye lami, kikilia njia nzima. Nimewahi kusikia muziki mbaya kuliko huo ukipigiwa makofi. Mahari ilizungumzwa, ikakubaliwa. Dada yangu sasa ana mtoto, na mtoto alipopata homa ya kwanza ni mimi niliyepigiwa simu. Sofa hatujalirudishiwa. Sina shaka linalindwa vizuri.

Miezi ilipita kabla sijajua yule mzee alinipa nini. Nilikuwa kibandani mpakani nakunywa chai na dereva mmoja aliyekuwa kwenye mstari ule, wa katikati, mmoja wa wale tuliowapitia madirishani. Tulikuwa tunasema mabaya ya forodha, jambo ambalo huleta watu pamoja.

"Wewe ndiye yule wa gari safi," akasema. "Mzee wa watu ukamwachia Idi hapa."

"Idi gani?"

"Ile ya kuchinja. Ilikuwa wikendi ile. Alikuwa anarudi Mombasa, watoto na wajukuu wote wamekusanyika. Jumatatu ndiyo alifungiwa sili. Tulimwona akisali peke yake nyuma ya trela, kando ya choo, kwa huo mkeka wake. Kisha akatupikia chai sote, akatutukana Kiswahili chetu kama kawaida."

Mimi ni mtoto wa kanisa. Idi ile mimi huijua tu kwa siku ya mapumziko ikitangazwa, na safari hiyo hata tangazo sikulisikia. *Chinjeni, msinisubiri.* Nilikuwa nimelichukulia neno hilo kuwa ni majivuno.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mwema wa kawaida, mpole, ambaye ungemwombea dua na kumsahau. Yeye bado ni yule yule. Nilitafuta namba yake kwa madereva wengine, nikampigia, nikamwambia nimesikia habari ya Idi, na kwamba niko tayari kulipa wakati wowote.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mzee. Ule... yule wa maharagwe."

"Aa, Bara! Bado unaliogesha?"

"Mzee, nataka kulipa."

"Deni la foleni unalilipa kwa simu? Wewe umekuwa wakala?" Akakata.

Tangu hapo kila foleni ninayoingia naitazama kwanza, mbele na nyuma, natafuta maandishi ya trela lile. Madereva wengine wakiniomba nafasi nawapa, lakini hiyo haipunguzi kitu. Deni la huyu halilipwi kwa yule. Ofisa wa viatu vya ncha bado yupo, amepandishwa cheo, sasa anakanyaga matope ya watu wengine. Komeo langu sijaligusa tena hata kwa kidole.

Nimemwona mzee mara moja tu. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kuingia, nimekaribia kabisa mbele, nafasi nzuri ambayo mtu yeyote angeililia. Yeye alikuwa anatoka, upande wa pili wa barabara, akielekea nchi ya jirani, lori tupu, hana mzigo wala haraka. Niliteremka nikavuka nikiwa nakimbia, nikadandia ngazi ya mlango wake.

"Mzee, leo nina nafasi ya pili kutoka getini. Geuza. Nakusubiri."

Alinitazama kutoka juu, kijiti kikiwa mdomoni, na nikaona anavyofurahia.

"Leo siendi huko, Bara. Mtu hulipwa akiwa na haraka."

"Utakuwa na haraka lini?"

"Mungu ndiye ajuaye. Shuka kwenye gari langu, utalichafua."

Akatia gia. Nilirudi kwenye lori langu. Foleni ilikuwa imesogea, na aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anapiga honi.